Dola Milioni 200 Zilizohesabiwa Mara Mbili

Agosti 2021 akiba ya fedha za kigeni ya Bangladesh ilifika dola bilioni 48, kiwango ambacho nchi hiyo iliyozaliwa vitani mwaka 1971 haikuwahi kukiona. Mwezi huohuo Benki Kuu yake ilianza kuikopesha Sri Lanka dola milioni 200 kwa awamu, kwa utaratibu wa kubadilishana sarafu. Mbele ya bilioni 48, milioni 200 ni kitu kidogo. Lakini ukizifuata zilikopita, utaona jinsi akiba za nchi hizi mbili zilivyokuwa zikihesabiwa.

Akiba hupimwa kwa miezi: nchi ikikosa dola mpya kabisa, itaweza kulipia bidhaa za nje kwa muda gani? Kenya inajiwekea angalau miezi minne, na Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka lengo la miezi minne na nusu. Kwa kipimo hicho Sri Lanka haikuwa pabaya mwishoni mwa 2019. Ilikuwa na dola bilioni 7.6, na uagizaji wake ulikuwa karibu bilioni 20 kwa mwaka. Hiyo ni miezi minne na ushee.

Kisha UVIKO ukafunga viwanja vya ndege. Watalii milioni 2.3 wa mwaka 2018 wakabaki chini ya laki mbili mwaka 2021. Benki Kuu nayo ikang'ang'ania kuishikilia rupia kwenye 200 hivi kwa dola, wakati soko la pembeni lilikuwa likilipa zaidi. Mfanyakazi wa ndani aliyeko Kuwait au Dubai hahitaji mchumi wa kumweleza hapo afanye nini. Anamkabidhi wakala wa hawala mshahara wake, na dola haifiki benki. Fedha zilizotumwa nyumbani kupitia benki zikashuka kutoka bilioni 7.1 mwaka 2020 hadi bilioni 5.5 mwaka uliofuata.

Novemba 2021 akiba ilibaki bilioni 1.6. Mwezi mmoja baadaye ikasomeka bilioni 3.1! Nyongeza hiyo karibu yote ilikuwa yuan za China, zenye thamani ya dola bilioni 1.5 hivi, zilizowekewa sharti: hazitumiki mpaka nchi iwe na akiba ya kutosha miezi mitatu ya uagizaji. Yaani aliyekuwa na njaa alipewa chakula cha kula akishashiba. Januari 2022 serikali ikalipa hatifungani ya dola milioni 500. Aprili ikatangaza kwamba haiwezi tena kulipa madeni ya nje.

Mei 4, Waziri wa Fedha Ali Sabry aliliambia bunge kwamba akiba inayoweza kutumika haifiki dola milioni 50. Sri Lanka ilikuwa ikiagiza bidhaa za dola milioni 56 kwa siku. Ukigawa hizo milioni 50 kwa watu milioni 22, kila mmoja anapata dola mbili na senti. Meli ya petroli ilikuwa imetia nanga nje ya Colombo tangu mwisho wa Machi, mzigo ukiwa tumboni na hakuna wa kuulipia. Mitihani ya shule katika Mkoa wa Magharibi ilikuwa imeahirishwa kwa kukosa karatasi.

Mkopeshaji naye alikuwa akishuka. Julai 2023 akiba ya Bangladesh ilikuwa karibu bilioni 30. Ilikuwa imepungua bilioni 18, mara tatu ya zote zilizoitoka Sri Lanka tangu 2019 hadi Machi 2022. Hata hivyo haikushindwa kulipa deni. Ilianza na ghala kubwa, haikuwa na hatifungani katika masoko ya kimataifa, na viwanda vyake vya nguo viliendelea kuuza. Tena iliachia sarafu yake ishuke na kubana uagizaji: mwagizaji wa gari alitakiwa kuweka benki bei yote taslimu kabla.

Lakini kulikuwa na bilioni nyingine zilizopotea kwa siku moja, bila mtu kuzitumia. Shirika la Fedha la Kimataifa, lililoidhinisha mkopo wa bilioni 4.7 Januari 2023, liliitaka nchi ihesabu kwa kanuni za kimataifa. Zile bilioni 30 zikawa 23.6. Zilizotolewa ni fedha ambazo tayari zilikuwa mikononi mwa wengine: mfuko wa kuwakopesha wauzaji nje, bandari ya Payra, shirika la ndege la Biman. Zikatolewa pia zile milioni 200 za Sri Lanka. Zilipofika Colombo ziliongezwa kwenye akiba ya huko, na Dhaka ziliendelea kuhesabiwa kana kwamba hazijatoka. Naliona hili ni kosa zito, kwa sababu mwananchi alisoma tarakimu hizo kama ngao yake.

Sri Lanka ilimaliza kulipa mkopo huo Septemba 2023. Mwishoni mwa 2024 akiba yake ilisomeka dola bilioni 6.1. Ndani yake zilikuwamo yuan zilezile za masharti, zenye thamani ya bilioni 1.4. Kwa hiyo za kulipia meli zilikuwa bilioni 4.7.