Safari Yetu ya Bweranyange

Wanachama wenzetu, kutoka Rubwera tulikwenda siku moja, watu watano, kutazama Bweranyange, mji wa kale wa wafalme wa Karagwe. Usitazamie ngome ya mawe kama ya Mji Mkongwe. Hapa ulinzi ulikuwa ua wa miti. Ndipo Mfalme Rumanyika alipompokea Speke mwaka 1861, na Stanley mwaka 1876. Hazina yake ilikuwa na sanamu za ng'ombe za chuma.

Si mbali palikuwa Kafuro, kituo cha Waarabu waliotoka pwani wakitafuta pembe, na watumwa pia. Hapo tulinyamaza. Mikarafuu yetu ya kale ilipandwa kwa mikono ya watumwa wa bara. Tukianika karafuu majamvini, tuwakumbuke.