Soma Faili ya Mirathi Kabla ya Kwenda Kuiona Nyumba

Ukipita Muthangari, Nairobi, leo, katikati ya fleti ndefu zilizojengwa miaka ya karibuni, bado utakuta nyumba chache za zamani: bangalo la vigae, ua mpana, mjakaranda langoni, nyasi zisizokatwa. Mara nyingi mwenye nyumba ameshafariki, watoto wamo Nairobi na ng'ambo, na kila mwenye kampuni ya ujenzi anaupigia hesabu uwanja ule. Dalali atakwambia familia iko tayari kuuza. Mteja akinijia na habari hiyo, namwuliza: familia ipi hiyo, na mahakama imeitambua lini?

Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, ni kali kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 45 kinamkataza mtu yeyote kugusa mali ya marehemu bila idhini ya kisheria, na anayekivunja anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 10,000, kufungwa hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Hata aliyekwisha kupewa na mahakama barua za usimamizi wa mirathi bado hawezi kuuza ardhi wala nyumba. Kifungu cha 82 kinamtaka asubiri mahakama izithibitishe barua hizo, jambo ambalo kwa kawaida hufanyika baada ya miezi sita.

Hiyo miezi sita ndiyo inayowaponza wanunuzi. Familia ina deni la hospitali, ada za shule na malipo ya wakili, kwa hiyo inaomba amana sasa na karatasi baadaye. Mnunuzi anaona bei nzuri na anatoa pesa. Kisha binti mmoja anawasilisha pingamizi, kesi inakwama, na pesa ziko mikononi mwa kaka aliyekwisha kuzitumia. Mnunuzi huyo si mrithi, na marehemu hakuwa na deni lake. Atabaki kumdai aliyepokea pesa zake. Ninasema bila kusita: usitoe hata shilingi moja kabla ya kuona cheti cha kuthibitisha barua za usimamizi.

Kuzipata nyumba hizi mapema kunawezekana bila dalali. Gazeti Rasmi la Serikali, linalotoka kila Ijumaa, huchapisha matangazo ya maombi ya mirathi, na mwenye pingamizi hupewa siku 30 kujitokeza. Tangazo halitaji nyumba, lakini linataja marehemu, mwombaji, mahakama na nambari ya kesi. Ukiwa na nambari hiyo, wakili wako anaweza kuomba kuipitia faili katika masijala ya mahakama, ambayo kwa mali nyingi za Nairobi ni ile ya Milimani.

Ndani ya faili tafuta kwanza kiapo cha fomu P&A 5, kinachoorodhesha walioachwa na marehemu, mali zake na madeni yake, pamoja na barua ya chifu inayowatambua warithi. Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalifikirii: tafuta tangazo la kifo lililotoka gazetini au kile kijitabu cha ratiba ya mazishi. Siku ya mazishi hutajwa wake wote, watoto wote, na wajukuu. Ukikuta majina tisa kwenye kijitabu na sita kwenye kiapo, simama hapo hapo. Kuficha mrithi ni sababu ya kutosha ya kufuta barua za usimamizi chini ya kifungu cha 76, hata baada ya kuthibitishwa. Mjane naye asisahaulike. Pale ambapo sheria inampa haki ya kuitumia nyumba maisha yake yote, haiwezi kuuzwa bila idhini ya mahakama.

Migogoro hii huchukua miaka. Mbiyu Koinange, waziri wa zamani, alifariki mwaka 1981, na zaidi ya miaka 35 baadaye mirathi yake ilikuwa bado mahakamani.

Mawakili wa wauzaji hupenda kunukuu kifungu cha 93, kinachomlinda mnunuzi hata barua za usimamizi zikifutwa baadaye. Usikiegemee sana. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufani ilikataa kukitumia kumkinga mnunuzi aliyeuziwa na mtu asiye na haki ya kuuza. Na mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dina Management ya Mombasa, ilisema hati miliki haitoshi ikiwa chanzo chake kina kasoro. Ndiyo maana napendelea warithi waandikishwe kwanza kuwa wamiliki, kisha wao wenyewe watie sahihi ya kuuza. Inachelewesha, lakini kila mwenye haki anaonekana kwenye rejista. Amana nayo ikae kwa mawakili mpaka umiliki uhamishwe. Na upekuzi wa rejista kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali wa rekodi za ardhi mtandaoni, ufanywe mara mbili, mwanzoni na tena siku chache kabla ya kulipa, kwa kuwa kizuizi kinaweza kuwekwa wakati wowote.

Kwenye hesabu, angalia miaka iliyobaki ya mkataba wa ardhi, kwa kuwa sehemu kubwa ya ardhi ya Nairobi ni ya kukodishwa na serikali. Angalia pia malimbikizo ya kodi ya ardhi na ya kaunti, maana familia inapogombana hakuna anayelipa. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4 na ni juu yako. Muuzaji hulipa kodi ya asilimia 15 ya faida, ila mauzo ya kusimamia mirathi yakikamilika ndani ya miaka miwili tangu kifo, au muda zaidi ulioruhusiwa na Kamishna wa kodi, anasamehewa. Muuzaji anayekimbizana na tarehe hiyo huwa tayari kupunguza bei, na hapo ndipo pa kujadiliana.

Mwisho, piga hodi. Muulize anayeishi pale analipa kodi kwa nani na kwa makubaliano gani. Kama ni ndugu wa marehemu asiyelipa chochote, mkataba wenu uandike tarehe ya kuondoka kwake, na sehemu ya pesa izuiliwe mpaka funguo zikabidhiwe.