Maji Moto ya Mlimani, Mgeni wa Wote

Treni ya Komachi ikishatoka Morioka hupunguza mwendo. Reli inabaki ya njia moja, milima inakaribia dirisha kushoto na kulia, na ukiingia mkoa wa Akita kipindi cha baridi mashamba yote ya mpunga yamelala chini ya theluji. Mimi ninasoma Sendai, na likizo ya baridi ikifika njia yangu ni hiyo. Nashuka stesheni ya Tazawako, napanda basi linalopita karibu na ziwa Tazawa, ambalo kwa kina cha mita 423 linayazidi maziwa yote ya Japani, kisha tunakwea hadi Nyuto. Huko juu hakuna soko wala benki. Kuna nyumba saba za wageni zilizotawanyika msituni, na kila moja ina chemchemi yake ya maji moto.

Japani imekaa juu ya volkano nyingi. Mvua na theluji huzama ardhini, maji yakapashwa moto na miamba ya chini, yakayeyusha madini njiani, kisha yakapanda tena juu kupitia nyufa. Wajapani huziita chemchemi hizo onsen, na sheria ya mwaka 1948 inaeleza zipi zinastahili jina hilo: maji yawe na nyuzi 25 za selsiasi au zaidi pale yanapotokea, au yawe na kiwango kilichowekwa cha angalau kimojawapo kati ya vitu 19 vilivyotajwa. Onsen ziko hata mijini. Zile za milimani, mbali na reli, ndizo ninazozipenda.

Nyumba kongwe ya Nyuto ni Tsurunoyu. Inasimuliwa kwamba mwaka 1638 mtawala wa Akita, Satake Yoshitaka, alikuja hapa kujitibu, na jengo refu lililoezekwa kwa nyasi ambamo walinzi wake walikaa lingali likipokea wageni. Ndani yake kuna shimo la moto katikati ya sakafu. Jioni samaki wa mtoni hupakwa chumvi, wakachomekwa kwenye vijiti na kusimamishwa kuzunguka makaa, huku sufuria ya mchuzi wa viazi vikuu vya mlimani ikining'inia juu ya moto.

Bwawa la nje ndilo linalowavuta watu. Maji yanabubujika kutoka chini ya bwawa lenyewe: ukikaa, viputo vinapenya kokoto na kupanda kando ya mapaja yako, na ukisogea kidogo unakuta mahali penye moto zaidi. Yakitoka ardhini huwa maangavu. Yakikutana na hewa, gesi yenye salfa iliyomo hugeuka kuwa chembe ndogo mno za salfa, na bwawa zima likawa jeupe kama tui. Harufu yake hubaki kwenye nywele na nguo hata ukisharudi mjini. Kabla ya kuingia, vua bangili na pete za fedha. Salfa huzigeuza nyeusi.

Kuoga kuna utaratibu, na mimi nilifundishwa na bibi mmoja mwenyeji tuliyekutana upande wa wanawake. Alinivutia kigoda, akanipa beseni, akaniashiria nikae nijisugue kwa sabuni na kujisuuza mpaka povu liishe kabisa. Kisha alinionyesha kujimwagia maji ya bwawani kuanzia miguuni ili mwili uzoee, kwa kuwa mabwawa mengi huwa na nyuzi 40 hivi au zaidi. Sabuni haiingii bwawani, nywele hufungwa juu, na kitaulo kidogo unachobeba hakigusi maji. Bibi yule alikikunja akakiweka kichwani. Maji ni ya wote, kwa hiyo kila mmoja huyafikia akiwa safi. Ukishakaa dakika kumi hivi, toka upumzike, unywe maji. Mwenye shinikizo la damu, maradhi ya moyo au ujauzito amwone daktari kwanza.

Swali ambalo ndugu zangu wa Tanga huniuliza kabla ya yote ni la stara, na ni swali la haki. Bwawani hakuvaliwi nguo. Kwa kawaida wanawake na wanaume wana sehemu zao mbalimbali, ingawa baadhi ya nyumba za zamani, Tsurunoyu ikiwemo, zina pia bwawa la mchanganyiko, na hakuna anayelazimishwa kuliingia. Asiyetaka kuonekana na mtu yeyote atafute nyumba yenye bwawa la kukodi, ambalo familia au mtu mmoja hujifungia mlango kwa muda wake. Nyumba nyingi nchini zinalo. Uliza unapoweka nafasi, na uwaeleze mapema pia kuhusu chakula, maana nyama ya nguruwe na pombe ya mapishi ni vitu vya kawaida huko.

Kilichonigusa zaidi Nyuto ni jinsi wenye nyumba wanavyoshirikiana. Anayelala katika nyumba yoyote kati ya saba anaweza kununua kitabu cha kibali kinachomruhusu kuoga katika zote, na gari dogo humzungusha. Kusini kabisa, mkoani Kumamoto, kijiji cha Kurokawa kilifika mbali zaidi. Kilikuwa kimedorora. Mwenye nyumba mmoja, Goto Tetsuya, alitoboa pango la kuogea mlimani kwa patasi na nyundo, na wageni wakamjia. Badala ya kuficha siri, aliwafundisha majirani kutengeneza mabwawa ya nje na kupanda miti ya porini kuyazunguka. Nyumba mbili hazikuwa na nafasi ya kuchimba bwawa la nje. Mwaka 1986 kijiji kikabuni kibali cha kipande cha mti: anayekivaa shingoni huoga katika mabwawa matatu ya nyumba zozote azipendazo, na hata wageni wa zile nyumba mbili wakafaidi. Mabango ya kila mtu kujinadi yaling'olewa, na kijiji kikaanza kujiona nyumba moja ambayo njia zake ni korido.

Mlima nao una masharti yake. Gesi ya salfa ni nzito kuliko hewa na hutuama kwenye mabonde na mashimo ya theluji. Mwaka 2015 watu watatu walikufa karibu na Nyuto wakishughulikia chanzo cha maji. Ukiona kamba au tangazo la hatari, usivuke hata kwa ajili ya picha.

Akita ndio mkoa wenye sehemu kubwa zaidi ya wazee nchini Japani, na vijana wanazidi kuhama. Zamani wakulima walikuja Nyuto baada ya mavuno na mchele wao na sufuria zao, wakakaa majuma mazima kupumzisha migongo. Siku hizi wengi hufika mchana, huoga mara moja, hupiga picha, na basi la jioni huwarudisha mjini. Mtu anayezoa theluji alfajiri na kupiga deki mabwawa halipwi kwa ada ndogo ya kuoga mara moja. Kitabu cha kuzunguka nyumba zote saba hupewa mgeni anayelala tu, na naona ni haki. Ukienda, weka nafasi miezi kadhaa kabla, chagua siku za katikati ya juma, ulale angalau usiku mmoja, na asubuhi upande lile gari dogo ukaoge kwa jirani.