Vifuniko vya chupa na silabi: mchezo wa kusoma katika darasa la kwanza

Mtoto wa darasa la kwanza akisimama mbele ya ubao na kusema mstari mzima bila kukosea, bado hatujajua kama anasoma. Huenda ameukariri kwa sikio, akiwafuata wenzake. Mwalimu akibadilisha mpangilio wa maneno, anayesoma ataendelea na aliyekariri atanyamaza. Faida ya kwanza ya mchezo wa kusoma iko hapo: vipande vyake huchanganywa upya kila mara, kwa hiyo hakuna mstari wa kukariri.

Lakini vipande hivyo viwe nini? Michezo inayouzwa madukani mara nyingi ni ya herufi moja moja, kila herufi na picha ya neno la Kifaransa. Mtoto anaambiwa hii ni « bé », ile ni « a ». Akiziunganisha kama alivyofundishwa atapata « béa », wala si « ba ». Kwa Kiswahili, ambapo karibu kila silabi huishia kwa irabu, kipande kinachofaa ni silabi yenyewe.

Watoto wenyewe wanatuonyesha. Mwaka 1969 André Coupez alieleza Kinshingelo, mchezo wa lugha wa Wasanga wa Katanga, ambamo silabi mbili za mwisho za neno hubadilishana nafasi huku toni zikibaki mahali pake. Zanzibar kulikuwa na Kinyume, ambacho Edward Steere alikiandikia mifano katika karne ya 19. Hakuna anayeweza kucheza hivyo bila kulikata neno kichwani, hata kama hajawahi kushika kalamu. Basi tusimfundishe mtoto silabi kana kwamba ni kitu kigeni. Tumwonyeshe tu jinsi inavyoandikwa.

Chukua vifuniko 30 vya chupa. Kwa konsonanti m, t, k na irabu tano unapata silabi 15. Andika kila moja mara mbili. Tayari una kiti, moto, tamu, tatu, kuku, kamata, mukate. Mtoto anachota vifuniko viwili vilivyofunikwa, anavipanga, anasoma, kisha anavigeuza nafasi na kusoma tena. Kata inakuwa taka. Mate inakuwa tema. Moto inakuwa tomo, na darasa linacheka. Mimi naona tomo ndilo neno lenye thamani kuliko yote, kwa sababu hakuna aliyewahi kulisikia: anayelitamka amelisoma kweli. Zamu zifuate mstari wa kukaa, si wepesi wa kujibu, la sivyo watoto watatu watacheza na 50 watatazama.

Hapa huja swali ambalo hutugawa hata katika kitivo chetu: tuandike mtoto au mutoto? Piga makofi kwa kila silabi. M-to-to, makofi matatu, mu-to-to, matatu. M-tu na mu-tu, mawili kwa mawili. Hesabu ni ileile, tofauti iko katika kofi la kwanza tu. Tena mbwa na nchi humfanya mwanafunzi ababaike, kwa kuwa kofi la kwanza linaangukia konsonanti tupu, lakini imbwa na inchi za nyumbani kwetu zinakatika bila shida. Kiswahili hiki tunachokiita kibovu kinampa anayeanza silabi zilizo wazi zaidi. Aanze na mukate, na kifuniko cha m peke yake kiingie mchezoni baadaye, pamoja na tahajia sanifu.

Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inatambua lugha za taifa na lugha za mazingira kuwa lugha za kufundishia, lakini Kifaransa kinamngoja mtoto huyuhuyu mlangoni. Kifuniko cha tu alichokizoea kitasomwa kwa sauti nyingine, na ile u yake ya kuku itaandikwa « ou ». Kuvichanganya mapema ni kumvurugia vyote viwili. Ningeandika silabi za Kifaransa kwenye vifuniko vya rangi nyingine, na nisivitoe mfukoni mpaka mtoto awe anasoma tomo bila kusitasita.