Kisu cha kukunja: Wingi wa mabapa si ubora

KISU cha kukunja chenye mabapa kadhaa kingali kifaa cha thamani Nyeri na katika miji mingine inayozunguka Mlima Kenya. Mkulima, skauti na mwelekezi wa wapanda mlima wote hukihitaji. Hata hivyo, mnunuzi asiyejua kupambanua huweza kupoteza pesa, miche na hata kidole.

Nyeri ina uhusiano wa pekee na kifaa hiki. Robert Baden-Powell, mwasisi wa uskauti, aliishi miaka yake ya mwisho katika nyumba ya Paxtu, kwenye Hoteli ya Outspan, akafariki Januari 8, 1941 na kuzikwa mjini humo. Kisu cha kiskauti cha jadi huwa na bapa la kukatia, kifungua kopo, bisibisi na sindano nene ya kutobolea ngozi.

Mpangilio huo unashabihi kisu walichopewa askari wa Uswisi mwaka wa 1891. Mnamo 1897, Karl Elsener alisajili kisu cha maafisa, chepesi zaidi, chenye bapa dogo la ziada na kizibuo cha mvinyo.

Tofauti kuu kati ya visu hivi ni chuma chenyewe. Chuma cha kaboni, kilichovipa sifa visu vya Sheffield, Uingereza, hunoleka upesi, lakini hushika kutu katika mvua na ukungu wa nyanda za juu. Chuma kisichoshika kutu hustahimili unyevu, ila kile duni huwa laini na makali yake hufifia haraka.

Kwa mkulima anayepandikiza miparachichi au mikahawa, makali ndiyo mavuno. Bapa butu huponda gome, na kikonyo hakishiki. Inafaa bapa dogo litengewe kazi hiyo pekee na kupanguswa kwa spiriti kabla ya kuhamia mche mwingine, ili lisisambaze magonjwa. Bapa kubwa libakie la kamba na magunia.

Kwa mwelekezi anayepanda kilele cha Lenana, mita 4,985, jaribio ni la vidole. Bapa linalofunguliwa kwa ukucha huwa taabu mkono ukifa ganzi kwa baridi. Aidha, visu vingi vya jadi havina kufuli. Springi pekee ndiyo hushikilia bapa. Kutumia ncha yake kudungia kitu kigumu ni kualika jeraha, kwani bapa laweza kujikunja ghafla.

Kabla ya kulipa, mnunuzi afungue kila bapa. Lililo imara hufunguka kwa mlio mkavu wala haliyumbi kando. Kikishanunuliwa, kisu kinataka kinoo, kitambaa kikavu na tone la mafuta kwenye maungio.

Mabapa mawili imara, yenye makali yanayodumu, yana manufaa kuliko kumi yanayolegea mfukoni.