Matatizo ya kubadilisha gia katika Subaru Impreza WRX

Matatizo ya kubadilisha gia ni hali ambapo gari lenye giaboksi ya mkono linakataa kuingia gia, linaingia kwa kelele ya kusaga, au gia iliyokwisha kuingia inachomoka yenyewe. Makala hii inahusu hasa Subaru Impreza WRX yenye gia tano, gari la mwendo kasi kutoka Japani lililoanza kuuzwa mwaka 1992. Magari ya aina hiyo huletwa Afrika Mashariki yakiwa yamekwisha kutumika, na hutumiwa kwa safari za kila siku na pia kwa mashindano. Kanuni nyingi zilizoelezwa hapa zinafaa kwa magari mengine ya gia za mkono.

Mara nyingi chanzo cha matatizo haya hakimo ndani ya giaboksi, bali katika klachi, mafuta yake, oili au viungo vya mkono wa gia. Kwa sababu hiyo uchunguzi huanza na vitu vya nje vyenye gharama ndogo. Kufungua giaboksi ni hatua ya mwisho.

Historia fupi

Sifa ya Impreza katika Afrika Mashariki imetokana kwa sehemu kubwa na mashindano ya Safari. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na awali yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1994 Mkenya Patrick Njiru alishika nafasi ya nne katika Safari akiendesha Impreza. Mwaka 1997 Mskoti Colin McRae alishinda mashindano hayo kwa Impreza.

Gari linalouzwa kwa watu wa kawaida si sawa na lile la kiwanda lililotengenezwa kwa mashindano. Giaboksi ya gia tano ya WRX inadumu ikitumiwa vizuri, lakini inajulikana kwa udhaifu inapopewa nguvu nyingi kwa ghafla, kwa mfano dereva anapoachia klachi kwa kishindo injini ikiwa inazunguka kwa kasi. Injini iliyoongezewa nguvu bila kuimarishwa giaboksi huongeza hatari ya meno ya gia kuvunjika.

Jinsi gia inavyoingia

Katika giaboksi ya kisasa ya mkono, meno ya gia za kwenda mbele hushikana wakati wote. Dereva anaposukuma mkono wa gia, uma ulio ndani husogeza slivu inayoifunga gia iliyochaguliwa kwenye shafti yake. Kabla ya kufunga, gia na shafti sharti zizunguke kwa kasi moja. Kazi hiyo hufanywa na pete za kusawazisha, ambazo mafundi huziita sinkronaiza. Pete hizo, ambazo mara nyingi ni za shaba nyeupe au aloi inayofanana nayo, husugua sehemu ya gia mpaka kasi zilingane. Mfumo huo ulibuniwa na Mmarekani Earl Thompson, na ulitumika kwanza katika magari ya Cadillac mwaka 1928.

Pete hizo zina nguvu ndogo. Zinaweza kusawazisha kasi ikiwa tu klachi imeitenga injini kabisa na giaboksi. Klachi isipotenga, injini huendelea kuzungusha shafti, pete hushindwa, na kelele ya kusaga husikika.

WRX huendeshwa na magurudumu yote manne. Giaboksi yake na difu ya mbele zimo katika nyumba moja na hutumia oili moja. Jambo hili lina maana kubwa katika uchaguzi wa oili.

Mazingira ya Arusha na Mlima Meru

Jiji la Arusha liko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Meru wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500. Mazingira hayo yanaathiri gari kwa njia tatu.

Kwanza, hewa ni nyepesi kuliko pwani. Turbo hufidia upungufu huo, lakini tu baada ya kuanza kusukuma hewa ya kutosha. Injini ikizunguka polepole huwa dhaifu, hivyo madereva wengi huondoka kwenye mlima kwa kukanyaga mafuta sana huku klachi ikiwa nusu. Pleti ya klachi hupata joto na kulika mapema.

Pili, barabara za vumbi za kandokando ya mlima, kama zile za kuelekea Ngare Nanyuki, zina udongo laini wenye asili ya volkeno. Vumbi likichanganyika na grisi kwenye viungo vya mkono wa gia huwa kama msasa.

Tatu, asubuhi za Juni na Julai ni za baridi. Oili nzito hukawia kulainika, na gia ya pili huwa ngumu katika kilomita za kwanza. Ugumu unaokwisha gari likipata joto hauonyeshi peke yake kwamba giaboksi imeharibika.

Kutambua chanzo

Vipimo vifuatavyo havihitaji kufungua kitu chochote. Gari liwe mahali tambarare, breki ya mkono ikiwa imevutwa.

1. Injini ikiwa imezimwa, gia zote hujaribiwa moja baada ya nyingine. Kisha injini huwashwa na jaribio kurudiwa. Gia zikiingia kwa urahisi injini ikiwa imezimwa lakini zikakataa ikiwa imewashwa, klachi haikati, yaani haitengi injini kabisa. Zikiwa ngumu katika hali zote mbili, tatizo liko kwenye viungo vya mkono wa gia au ndani ya giaboksi.

2. Pedali ya klachi hupampiwa mara tatu au nne. Gia ikiingia vizuri baada ya hapo, mfumo wa mafuta ya klachi una upepo au unavuja.

3. Klachi hukanyagwa mpaka chini kwa sekunde tano hivi, kisha gia ya kurudi nyuma huingizwa gari likiwa limesimama. Kelele ya kusaga baada ya kusubiri ni dalili nyingine ya klachi isiyokata.

4. Gari likiwa gia huru na injini inanguruma, husikilizwa kelele. Kelele inayokuja pedali inapokanyagwa hutoka kwenye beringi ya klachi. Kelele inayopotea pedali inapokanyagwa kwa kawaida hutoka kwenye beringi ya shafti ya kuingilia ndani ya giaboksi.

5. Barabarani, katika gia ya nne, injini ikiongeza mzunguko bila gari kuongeza mwendo, klachi inateleza.

Kelele inayotokea katika gia moja tu, huku klachi ikiwa nzima, huonyesha kwamba pete ya kusawazisha ya gia hiyo imelika. Gia ya pili ndiyo huathirika mara nyingi katika magari yanayoendeshwa kwa kasi. Gia inayochomoka yenyewe inaweza kusababishwa na meno ya kufungia yaliyolika, uma uliopinda, springi dhaifu, au raba zilizochakaa za kushikilia injini na giaboksi.

Gari linalojivuta na kukaza kwenye kona kali huwa na tatizo la difu ya katikati, si la gia. Kufunga tairi moja mpya pamoja na tatu zilizolika ni chanzo cha kawaida cha uharibifu huo.

Matengenezo

Mafuta ya klachi. Klachi ya WRX huendeshwa kwa mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4. Mafuta hayo hunyonya unyevu na sharti yabadilishwe. Yakiwa meusi, au kukiwa na unyevu kwenye masta silinda iliyo juu ya pedali au kwenye silinda ndogo iliyo juu ya giaboksi, raba za silinda zimechoka. Baada ya kubadilisha, upepo hutolewa kama kwenye breki.

Viungo vya mkono wa gia. Mkono unaocheza sana pande zote huwa na bushi zilizokwisha. Bushi ni vifaa vidogo, na kuzibadilisha hakuhitaji kushusha giaboksi.

Oili. Kwa kuwa difu ya mbele hutumia oili hiyohiyo, giaboksi ya gia tano ya Subaru huhitaji oili ya daraja la GL-5, kwa kawaida 75W-90. Oili ya GL-4 pekee haitoshi kulinda difu. Kwa upande mwingine, baadhi ya oili za GL-5 zina viungo vya salfa vinavyokula pete za shaba, hivyo huchaguliwa ile iliyotajwa kufaa kwa giaboksi zenye sinkronaiza. Oili humwagwa ikiwa na uvuguvugu, gari likiwa limesimama juu ya stendi imara na si jeki peke yake. Oili mpya hutiwa kupitia tundu la kijiti cha kupimia, tofauti na magari mengi yenye nati ya pembeni. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ya nati ya chini ni wa kawaida. Vipande vya chuma si vya kawaida, na gari lisiendeshwe tena mpaka chanzo kijulikane.

Klachi. Giaboksi ikishushwa, pleti, presha pleti na beringi hubadilishwa kwa pamoja, kwani gharama ya kushusha mara ya pili huzidi akiba ya kuacha kifaa kimoja. Uso wa flaiwili hukaguliwa na kusawazishwa ukiwa na mikwaruzo au alama za kuungua. Klachi ya WRX nyingi za gia tano ni ya kuvuta: beringi imefungwa kwenye presha pleti. Kwenye klachi ya aina hiyo fundi sharti atoe kwanza pini inayoshikilia uma kabla ya kutenganisha giaboksi na injini, la sivyo ataharibu beringi na uma.

Ndani ya giaboksi. Pete, beringi na uma hubadilishwa na fundi mwenye vifaa vya kupimia nafasi. Wenye giaboksi iliyoharibika sana mara nyingi hununua nyingine iliyotumika. Katika hali hiyo uwiano wa gia ya mwisho sharti ulingane na ule wa difu ya nyuma. Usipolingana, difu ya katikati hupata joto na kufa.

Usalama

Kwenye mteremko mrefu, kama ule wa kushuka kuelekea Mto wa Mbu kutoka upande wa Karatu, gia ndogo husaidia breki kwa kuifanya injini izuie mwendo. Gia ikichomoka hapo, mzigo wote huangukia breki, ambazo zinaweza kupata joto na kupoteza nguvu. Gari ambalo gia yake inachomoka halifai kupelekwa milimani mpaka litengenezwe, na kushikilia mkono wa gia kwa nguvu si suluhisho.

Kinga

Madereva hushauriwa kutoweka mkono juu ya mkono wa gia wakati wa kuendesha, kwa kuwa uzito huo hukandamiza uma; kutoweka mguu juu ya pedali ya klachi; kutumia breki ya mkono kuondoka mlimani badala ya kuning'iniza gari kwa klachi; na kuliacha gari lipate joto kabla ya kubadilisha gia kwa haraka.