Ugumu wa Nagona: Msamiati Mwepesi, Mshikamano Uliolegea

Msomaji anayeifikia Nagona (1990) ya Euphrase Kezilahabi akitokea kwenye Rosa Mistika (1971) au Kichwamaji (1974) si ajabu aikatize njiani. Sababu inayosikika madarasani ni kwamba Kiswahili chake ni kigumu. Dai hilo halithibitiki. Aghalabu sentensi za riwaya hii ni fupi, msamiati wake ni wa kawaida, na kitabu chenyewe ni chembamba. Msomaji huelewa kila sentensi, ila haielewi aya. Ugumu umo katika mshikamano wa matini.

Riwaya ya kihalisia humzoesha msomaji kupewa jina la mhusika, mahali alipo, na sababu inayoliunganisha tukio moja na jingine. Katika Nagona, msimulizi wa nafsi ya kwanza hatajwi jina. Huingia katika mji wa kimya, akakutana na wanafalsafa wa kale na wa karibuni, Plato na Nietzsche wakiwamo, wala haelezwi mtu wamefikaje hapo. Viunganishi vya sababu, kama vile kwa hiyo na ndiyo maana, haviwezi kumsaidia msomaji pale ambapo sababu yenyewe imefichwa. Hata kiambishi -ka- hueleza ufuatano tu: jambo hili lilitokea, kisha lile. Kwa nini lilitokea, hakisemi.

Kwamba fantasia yenyewe si kikwazo hudhihirishwa na Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert. Nchi inayoelea angani ni ajabu kubwa kuliko mji wa kimya, lakini hakuna anayepotea humo. Karama anajitetea barazani. Wajumbe wanatumwa mmoja baada ya mwingine, kila mmoja upande wake, na masaibu yao yanasimuliwa kwa zamu. Sentensi ni ndefu, nyingine ndefu mno, lakini zimefungwa barabara. Anayechoshwa na Kusadikika huchoshwa na mawaidha, na hilo ni lalamiko la aina nyingine.

Kezilahabi hakulegeza mshikamano kwa kutojua. Tasnifu yake ya uzamivu, aliyoiwasilisha Wisconsin mwaka 1985, ilihusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la ufasiri wa fasihi. Katika riwaya, shaka juu ya mantiki imehamishiwa kwenye mtindo. Maelezo hayo hayamlazimu msomaji kuburudika, na mhakiki anayemwona mwanafunzi aliyechoka kuwa mvivu anamwonea.

Ufundishaji ndio uliozidisha tatizo. Mwanafunzi hupewa orodha ya ishara na maana zake, paa ni hiki, ngoma ni kile, kabla hajaisoma riwaya, na nyingine huishia kwenye orodha hiyo bila kukigusa kitabu. Zoezi lenye manufaa zaidi ni kumtaka atie alama kila mahali alipotarajia sababu asiipate, kisha ajadili alama hizo na wenzake. Kwa kurasa chache za mwanzo, zoezi hilo hutosha kipindi kizima.